Sauti ya Wodi ya Watoto

Kila alipotoka shule, Chiriku alitazama kwanza taa ndogo nyekundu juu ya mlango wa chumba cha nyuma. Ikiwaka, basi mama yake anarekodi, na hapo hata kukohoa ilikuwa kesi. Kwa mtoto aliyepewa jina hilo na baba yake kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika, taa ile ilikuwa mateso.

Ijumaa hiyo taa ilikuwa imezimwa. Mama alikaa kati ya kuta zilizofunikwa sponji, hedifoni shingoni, amekunja uso.

"Sielewi," alisema. "Wataalamu wazima, lakini wote wamesoma kama wako mnadani. Hata yule mwigizaji wa jukwaani niliyemtegemea. Sijui amepatwa na nini."

Hospitali ilitaka sauti ya kuwaeleza watoto wanaongojea upasuaji: nguo watakazovaa, dawa ya usingizi, na kwamba wakiamka watamkuta mzazi pembeni. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya mama, na akiiharibu hospitali isingerudi tena. Kwa hiyo wasomaji kadhaa walitumiwa kipande kifupi cha kujaribia, pamoja na maelekezo ya namna ya kukisoma, ili achaguliwe mmoja.

"Nimemchukua mtangazaji wa redio," mama aliendelea. "Ndiye mwenye afadhali. Anakuja kesho asubuhi, na muuguzi mkuu atakuja kusikiliza."

Aliyetuma vile vipande alikuwa Chiriku mwenyewe. Mama alikuwa amempa simu na maelekezo mapya, naye alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Sasa aliichukua tena simu ile, akajifungia chooni, akaufungua ujumbe. Chini ya maneno ya hospitali alikuwa amebandika maelekezo ya tangazo la viatu la wiki iliyopita: "Soma haraka, kwa shangwe, kama unaita umati."

Alitaka kusema, akaogopa. Mama hangemwamini tena na kazi yoyote.

"Redio yetu leo imeisha betri?" baba alimtania wakati wa kula. Chiriku alicheka kicheko cha kulazimisha. Alijipa moyo kwamba mtangazaji akielekezwa vizuri atasoma vizuri, na mambo yataisha kimyakimya.

Mtangazaji alifika mapema, suti imenyooka, sauti yake ikijaza chumba kizima. Mama alimwomba asome polepole, kama anazungumza na mtoto mmoja tu kitandani. Alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Lakini "utalala usingizi kidogo" ilipotoka kinywani mwake, ungedhani mtoto ameshinda bahati nasibu.

"Tena, kaka. Laini zaidi," mama alirudia, na akarudia tena. Muuguzi mkuu alikuwa njiani. Kupitia kioo Chiriku aliona vidole vya mama vikitetemeka kwenye vitufe, na roho ikamuuma kuliko alivyoogopa. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka alipofungua mlango.

"Mama, kosa ni langu," alisema, akaeleza yote, hata habari ya yule mwigizaji, huku machozi yakimtoka.

Mtangazaji ndiye aliyejibu kwanza. "Ndiyo maana. Nilijiuliza ni hospitali gani hii inayoita umati." Akavua hedifoni. "Dada, kusema kweli hii si kazi ya sauti yangu. Mpigie huyo mwigizaji wako."

Mama hakucheka. Alimkabidhi Chiriku simu. "Piga wewe. Mweleze, na umwombe radhi."

Chiriku alieleza kwa sauti ya kukwamakwama. "Na mimi nilidhani nimezeeka, kazi imenikimbia," mwigizaji alijibu. "Nakuja sasa hivi, mwanangu."

Alipofika akihema, muuguzi mkuu alikuwa ameshakaa na kutazama saa yake mara kadhaa. Mwigizaji alikunywa maji, akasogea karibu na kipaza sauti, akasoma kama amekaa ukingoni mwa kitanda. Muuguzi aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Huyu," alisema. "Watoto wangu watamwamini huyu."

Mama aliketi chini, akashusha pumzi ndefu. Kisha Chiriku mwenyewe alimweleza muuguzi kwa nini walimchelewesha, akingoja kukemewa.

"Kule wodini tunakosea pia," muuguzi alimwambia. "Mtu akichanganya dawa akasema papo hapo, tunamwahi mgonjwa. Akinyamaza kwa kuogopa kugombezwa, mgonjwa ndiye anayeumia, naye hajui kwa nini. Ungesema jana ile ile, ulipojua tu. Leo umesema, na mama yako amewahi. Safari nyingine usingoje mpaka umwone mtu anatetemeka."