Nyawira Anataka Mahari

Mbuzi wa tatu alikuwa amekataa kushuka kwenye pikap wakati simu yangu ilipolia. Nilikuwa Ruiru, uani kwa Githae, kaka yake Nyawira, jasho linanichuruzika. Nikaangalia simu. Ni Nyawira mwenyewe.

"Nyawila! Uko wapi?"

"Nimeacha Malindi nyuma! Boti inakimbia kama imeiba kitu!"

"Uko salama?"

"Nimelowa, nina njaa, na sijawahi kufurahi hivi."

Nilisikia maji yakipiga ubavu wa boti. Ndani yake hakukuwa na mtu mwingine. Nyawira, mshonaji wa tenti na turubai, mama wa miaka arobaini na mbili, alikuwa anapeleka boti ndogo ya tanga kutoka Kilifi hadi Lamu, peke yake, akifuata pwani. Boti ile aliinunua ikiwa imepasuka. Mimi ndiye niliyeiziba, maana kazi yangu ni faiba: natengeneza matangi ya maji Kiganjo, Thika.

"Mbona nasikia mbuzi?" akauliza.

"Niko Luilu. Nimeleta mahali."

"Umeleta?"

"Si ulisema unataka mahali? Nimeleta kwa kaka yako."

"Kyengo, mahari inabebwaje?"

"Kwa pikap. Ulitaka nibebe kwa mgongo?"

Githae alikuwa amechoka kusikiliza. Akaninyang'anya simu.

"Nyawira, huyu Mkamba wako ni mwanaume! Ameleta ruracio ya kukuoa! Mbuzi wazuri kabisa!"

Sauti iliyotoka kwenye simu iliwafanya hata mbuzi wageuke.

"Ruracio? Nani aliitisha ruracio? Githae, rudisha mbuzi za watu!"

Nikachukua simu yangu.

"Nyawila, ni wewe ulisema! Siku ile unatoka Kilifi nikakuuliza kama tutaoana. Ukapiga kelele ukiwa kwa boti, 'Mimi nataka mahali kwanza!'"

"Ndiyo! Mahari ya boti! Mahari ya kuweka—"

Netiweki ikakatika.

Nikabaki naangalia simu kama mjinga. Mimi ni Mkamba, ulimi wangu unateleza kwenye R. Nyawira ni Mkikuyu, wake unateleza kwenye L. Kwangu mahari na mahali ni neno moja. Kwake pia ni neno moja, ila ni lile lingine. Tumependana mwaka mzima kwa Kiswahili hicho bila ajali, mpaka siku hiyo.

Ujumbe ukaingia.

"Nilisema MAHALI. Kwa L. Pahali pa kuweka boti yangu kwa yadi yako, kwa sababu uliniambia yadi ni ya matangi. Yule bwana wa kwanza alinilipia mahari, na kila tukikosana ananiambia alininunua. Haya yote nilikwambia. Kama ulifikiri nataka kununuliwa tena, hunijui, na hakuna harusi. Naingia ghuba ya Ungwana, huko hakuna netiweki. Jibu lako nitaliona nikifika Lamu. Nikifika."

Hilo neno la mwisho nililisoma mara tatu.

"Githae, nirudishie mbuzi," nikasema. "Dada yako amekataa."

"Mbuzi zikivuka geti hii, shemeji, zimekuwa wenyeji."

"Amekataa, nimekwambia."

"Amekataa akiwa majini. Acha hayo mawimbi yamtandike kidogo. Atarudi, atauza hicho kijiboti, na atakubali kila kitu. Mtu wa Ruiru anajua maji ya jagi tu."

"Atafika Lamu."

"Akifika, mimi mwenyewe nitakuletea hizi mbuzi Kiganjo kwa miguu."

"Miguu yako ama ya mbuzi?"

"Yote!" Akacheka mpaka akashika tumbo.

Sikucheka. Nilirudi Thika na pikap tupu, nikaingia yadini bila hata kunywa chai. Mbuvi, ambaye tumefanya kazi pamoja tangu tuko vijana, alikuwa anapaka tangi rangi.

"Mbuvi, acha hiyo. Tunatoa matangi yote upande huu."

"Tupeleke wapi?"

"Kwa paa. Kwa barabara. Kwa mama yako. Toa."

"Hii ni mambo ya Nyawira?"

"Ni mambo ya boti."

"Si juzi ulisema boti ikirudi hapa utapanda kunde ndani?"

"Juzi nilikuwa mjinga. Shika huko."

Tulitoa matangi, tukatoa paa za matatu zilizovunjika, tukatoa mapipa ambayo yalikuwa yamezaa nyasi. Pakabaki pahali peupe, pakubwa. Nikachukua brashi nikaandika ukutani kwa rangi ya buluu, nikapiga picha, nikaituma na maneno haya:

"Hii ndiyo mahali. Zile mbuzi nilikosea. Wewe si wa kununuliwa. Njoo."

Ikaweka tiki moja. Moja tu.

Kesho yake bado ni tiki moja. Mchana akanipigia Irshad, yule jamaa wa Kilifi aliyemfundisha Nyawira kuendesha tanga.

"Bwana Kyengo, usishtuke."

"Ukiniambia nisishtuke nimeshashtuka. Sema."

"Upepo umepanda sana Ungwana. Wavuvi wa Kipini wamerudi wote. Yeye hawajamwona."

"Hawajamwona maana yake nini?"

"Maana yake hawajamwona. Nisikuongezee."

Nilikaa chini pale pahali pa boti, kwenye udongo mtupu. Mbuvi akaja akakaa karibu na mimi.

Simu ikalia tena. Githae. Sauti yake haikuwa na kicheko.

"Kyengo... amekupigia?"

"Hapana."

"Woi. Huyu msichana nilimlea mimi mwenyewe, mama alipokufa. Ile kitu nilisema, ya jagi..."

"Najua, Githae."

"Akipiga uniambie. Hata kama ni ya kunitukana."

Jua lilikuwa linaelekea kulala nilipoangalia ule ujumbe tena. Tiki mbili. Nikiwa bado nakodoa macho, zikageuka buluu.

"Mbuvi! Amesoma!"

Simu ikalia kabla sijamaliza.

"Kyengo! Niko Ramu! Nimefunga boti! Nimefika peke yangu!"

"Nyawila!"

"Usilie, wewe mzee."

"Silii. Ni vumbi ya faiba. Ilikuwaje?"

"Tanga ilichanika katikati ya ghuba. Tararaa, kama kitenge. Nikasema, Ngai, Mungu wangu, nimekwisha. Harafu nikajiambia, Nyawira, wewe unashona nini kila siku? Nikaitoa nzima, nikatega boti itulie na katanga kadogo ka mbele, usukani nikaushika na goti, nikashona. Mawimbi yananirusha, mimi nashona. Nilijidunga vidole vyote. Rakini ikashika!"

"Ikashika!"

"Ikashika mpaka Ramu! Wazee hapa wameangalia hiyo kiraka wakaniuliza fundi ni nani. Nikawaambia ni mimi!"

Nilisimama, nikazunguka pale uani nikipiga makofi peke yangu. Mbuvi naye alikuwa anacheza bila muziki.

"Picha umeona?" nikauliza.

"Nimeona. Umeandika 'MAHALI YA NYAWILA'."

"Ndiyo."

"Jina yangu iko na R, Kyengo."

"Nitasahihisha."

"Usiguse. Ndivyo unavyoniita. Sasa niulize tena ile swali."

"Nyawila, tutaoana?"

"Tutaoana. Tafuta rori."

Lori lilifika Kiganjo Jumamosi, boti imelala mgongoni mwake, mlingoti umefungwa kando, na Nyawira amesimama juu kabisa, ngozi imeiva kwa jua, anapungia watu mkono. Mtaa mzima ulitoka. Bodaboda walipiga honi, kina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akauliza kama Thika kutakuwa na mafuriko.

"Teremsha pole pole!" Nyawira akaamrisha. "Hiyo imepita mahari wewe huwezi kupita!"

Ilikuwa bado inateremshwa nilipomwona Githae akitokea mwisho wa barabara. Amevaa suti, viatu vimejaa vumbi, kamba mkononi, mbuzi nyuma. Alikuwa ametoka Ruiru kwa miguu.

"Mbuzi ni wawili," nikamwambia.

"Mmoja tulimla siku ulipotuambia amefika. Tungefurahi na sukuma wiki?" Kisha akamgeukia dada yake, akavua kofia. "Fundi wa Lamu."

Nyawira akamrukia shingoni, na yule jamaa wa jagi akalia mbele ya watu wote.

Harusi tulifanyia pale pale yadini. Tenti ilikuwa lile tanga, limefungwa kwenye mlingoti, kiraka kikiwa juu ya vichwa vyetu. Mchungaji Sifuna, Mluhya asiye na shida na R wala L, alifungua kitabu chake akatutazama.

"Kabla hatujaendelea, wazee wanataka kujua. Mahari imekamilika?"

"Mahari iko," akasema Nyawira.

"Mahali iko," nikasema mimi.

Mchungaji akatuangalia mmoja mmoja.

"Sasa nishike gani?"

Tukanyoosha vidole pamoja, mimi na yeye, kule nyuma ambako boti ilikuwa imekaa chini ya ukuta wenye maandishi ya buluu.

"Hiyo!"