Kiganja Mgongoni mwa Mwanangu

Aliyenieleza kwanza ni wifi yangu, tunayefanya naye kazi karakana ya viatu. Alisema Bibi Gundi, aliyekalia benchi langu kabla yangu, alizikwa na viganja vyeupe kama karatasi.

"Gundi ilimla rangi?" niliuliza.

"Gundi gani, wifi! Alirogwa yule. Na bado anarudi kutafuta ngozi yake."

Nikacheka. Kicheko cha kujikaza tu.

Jioni moja nilisahau shuka la mwanangu chumba cha nyuma, tunakolaza watoto. Saa ya kunyonyesha ikifika, kila mama hujifuta gundi mikononi kwa kitambaa, mara moja, kisha humpakata mwanawe. Msimamizi hana subira. Basi nikarudi, mtoto mgongoni. Kiza kilikuwa kinaingia.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi.

Harufu ya gundi ilikuwa kali kuliko ya mchana... Kisha nikasikia brashi. Swaa... swaa... Kama mtu anayepaka soli.

"Hodi?"

Brashi ikanyamaza.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi langu, kanipa kisogo. Nikadhani ni mwenzetu kabaki kumalizia kazi.

"Shikamoo, mama."

Aliinua mikono juu. Katika kiza kile sikuona kingine ila viganja viwili, vyeupe pe.

"Wangu naye alikuwa ananyonya," alinong'ona. "Usimshike."

Sijui nilitokaje mle ndani. Shuka sikulichukua.

Nyumbani nilimsimulia wifi yote. Akamfungua mtoto mgongoni kwangu, akamsogeza kwenye taa. Akaziba mdomo.

"Wifi... nini hiki?"

Mgongoni mwa mwanangu palikuwa na kiganja. Cheupe. Vidole vitano vimetanuka.

"Kamgusa! Si nilikwambia? Ukanicheka!"

"Hakusogea, wifi. Alikaa pale pale."

Lililobaki sikulisema. Wiki nzima, nikimwogesha, nilikuwa naona vidoadoa mahali pale. Nikavipaka mafuta, nikajiambia ni harara. Sasa vilikuwa vimeungana.

Sikulala. Kila nilipofumba macho... swaa... swaa...

Asubuhi, wifi bado amelala, nilimlaza mtoto kifudifudi karibu na dirisha. Nikashusha kiganja changu cha kushoto juu ya alama ile, polepole, bila kumgusa. Ndicho ninachomshikilia mgongoni anaponyonya.

Kililingana nayo. Kidole kwa kidole.

Na kwenye ncha ya kidole changu cha shahada palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Mtoto akaamka na njaa yake. Akageuka, akaninyooshea mikono.

Nikaificha yangu nyuma, nikamwita wifi ambebe hadi zahanati. Njia nzima mwanangu alinililia mimi, nami nikawafuata, mikono nimeibana kwapani.