Gari la Zambarau la Mbegani

Simu ilitetemeka mfukoni. Sabiha aliipokea huku akikimbia.

"Ndege ya mawaziri inatua Saadani saa kumi kamili," mkuu wake alisema. "Kombora la kuitungua limefichwa kwenye nyumba moja Mkange, pamoja na warushaji wake. Mwinjuma yuko kule na kikosi, ila hajui nyumba. Anayeijua ni Abdullatif."

"Na Muharami?"

"Hapatikani tangu asubuhi."

Simu ikakatwa.

Saa tisa na dakika ishirini.

Sabiha aliruka ukuta wa jumba la Abdullatif, Mbegani. Mlinzi alipiga hatua moja. Ya pili hakuiwahi. Bastola ya Glock yenye kiwambo cha sauti ilikohoa, naye akalala juu ya maua ya tajiri wake.

Gereji ilikuwa na baridi ya mochwari. Katikati lilimeremeta gari la zambarau lililolala chini kama mkeka. Vantorre Tisa. Duniani yapo matatu tu, na hili ndilo lililovunja rekodi: kilometa mia nne tisini na sita kwa saa. Abdullatif alilinunua kwa fedha za silaha alizowavushia wageni kupitia ufukwe wa Mlingotini.

Muharami alikuwa sakafuni, amekufa. Miezi minane alijifanya fundi wa gari hilo huku akiipelekea Idara ya Usalama habari. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa ndani ya kopo la grisi.

Sabiha alimfumba macho. Hakulia.

Abdullatif, mzee wa miaka sitini, alikuwa akifuta kioo cha gari kwa kitambaa cha hariri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Sabiha alimpiga risasi ya goti, akamfunga pingu kwenye bomba la ukutani.

"Nyumba gani Mkange?"

Mzee alikunja uso.

"Mkeo tunaye."

"Kaeni naye. Nitaoa mwingine."

Saa tisa na dakika arobaini na moja.

Ndipo Sabiha alipoona macho ya mzee yanatazama wapi. Hayakuwa kwenye goti. Yalikuwa kwenye tone la damu lililorukia mlango wa gari.

Akaokota drili ya Muharami, Makita kuukuu. Akaiwasha.

"Usiguse!"

Drili ikazama kwenye boneti. Mzee alipiga ukelele ambao risasi haikuwa imemtoa.

Tundu la pili. La tatu, polepole.

"Nyuma ya mashine ya kusaga!" Machozi yalimchuruzika ndevuni. "Bati jekundu! Wako darini! Mwache, nakuomba, mwache!"

Aliliombea gari kama mtu.

Sabiha alibonyeza redio. "Mwinjuma. Mashine ya kusaga, bati jekundu, darini."

"Nimekupata."

Zikapita dakika tisa. Mzee alilia kwa kwikwi peke yake.

Redio ikakoroma. "Kombora tunalo. Mmoja kafa. Mwingine kajeruhiwa, anaomba maji."

"Akimtaja aliyemtuma, mpeni."

Saa kumi kasoro dakika mbili, ndege ilipita juu ya Mkange salama.

"Gari langu mtalifanyaje?" Abdullatif alinong'ona.

"Kielelezo cha kesi. Litaegeshwa uani kituoni, juani, kwenye chumvi na mavi ya kunguru. Nitahakikisha unapata chumba chenye dirisha la upande huo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe, mzee. Wewe unazijua kesi."

Mzee alipiga mayowe, akivuta pingu mpaka ngozi ikachubuka.

Sabiha aliiweka drili juu ya kiti cha ngozi nyeupe, ikiwa bado na mafuta. Akatoka nje, akaanza kutafuta bodaboda.