Mteremko wa Ihururu

Posta ya Nyeri ilikuwa imejaa Jumamosi hiyo ya Juni, mwaka wa 1988. Baridi ilikuwa kali, watu wamefunga makoti hadi kooni, na foleni ya vibanda vya simu ilifika mlangoni. Khavere alikuwa katikati ya foleni hiyo, akingoja kumpigia baba yake kule Maragoli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amehamishiwa Nyeri mwaka huo huo. Alivaa sweta ya kijani na sketi ya marinda iliyopigwa pasi vizuri.

Mlango ukafunguka, akaingia kijana aliyejaa matope kuanzia viatu mpaka nyusi. Watu wakamkwepa. Akasimama nyuma ya Khavere kana kwamba amevaa suti.

"Pole," Khavere alisema, akijizuia kucheka. "Umeanguka wapi?"

"Sikuanguka. Nimeteremka."

"Kutoka mbinguni?"

"Kutoka Ihururu, kule juu msituni. Na baiskeli."

"Baiskeli gani hiyo ya kukupaka matope mpaka masikioni?"

"Iko hapo nje. Enda uione, nitakushikia nafasi."

Khavere alitoka. Ilikuwa baiskeli nyekundu, si kama zile nzito za kubebea maziwa. Tairi zake zilikuwa nene, zenye meno kama ya trekta, na gia zimepangwa nyuma kama sahani ndogo. Alishika usukani. Alipoondoa mkono, aliona damu kwenye vidole vyake.

Alirudi ndani haraka. "Hii damu ni yako?"

"Kidogo tu. Tawi lilinikwaruza."

"Na unacheka?"

"Ukiteremka siku moja, Mwalimu, utacheka pia."

"Nani amekwambia mimi ni mwalimu?"

"Hiyo chaki kwenye mkono ya sweta."

Hapo ndipo Khavere angeweza kupiga simu yake na kwenda nyumbani. Badala yake alimpa namba ya simu ya shule.

Kijana huyo aliitwa Wamae. Alikuwa mpiga picha katika studio ndogo nyuma ya soko. Baiskeli zake zilikuwa mbili, alizouziwa na mume na mke wageni waliokuwa wakifundisha ufundi mjini kabla ya kurudi kwao. Ile ya pili ilining'inia ukutani. Dada yake Kagure aliijaribu mara moja, akaitupa kwenye michai ya jirani na kuapa hataigusa tena.

Jumatatu simu ililia katika ofisi ya shule. Mwalimu mkuu, Bi. Warigia, ndiye aliyepokea.

"Naomba kuongea na Mwalimu Khavere."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni... binamu yake."

Bi. Warigia alifunika simu kwa kiganja, akaita kwenye ukumbi mdogo, "Khavere! Kuna binamu yako hapa, Mmaragoli mwenye lafudhi ya Othaya!"

Walimu walicheka wiki nzima. Lakini Bi. Warigia hakucheka alipomwona Khavere Jumapili akivuka mji kwa suruali, akiendesha ile baiskeli ya pili nyuma ya kijana huyo. "Mimi siogopi suruali," alimwambia kesho yake. "Naogopa huo msitu. Kaka yangu alikuwa akipasua mbao kule. Tulimzika bila kufungua sanduku."

Khavere alilisikia hilo, likamkaa kifuani. Lakini Jumapili ilipofika alienda tena.

Maana raha kama ile hakuwa ameijua popote. Walipanda barabara ya Ihururu wakihema, mvuke ukiwatoka vinywani, mapaja yakiwaka moto. Kule juu wakapumzika, wakala mahindi ya kuchoma, halafu wakaingia njia ya msitu na kuteremka. Upepo ulimtoa machozi. Mawe yaligonga chini ya tairi, mizizi ilimrusha, mianzi ikapita pande zote mbili kama ukuta wa kijani unaokimbia. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Chini, alijitupa kwenye nyasi akicheka, na Wamae akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba.

"Si nilikwambia, mpenzi?"

"Nyamaza. Moyo wangu bado uko kule juu."

"Basi twende tuuchukue."

Mlangoni mwa msitu alikaa Mzee Gicheru, askari wa msitu, mwenye koti refu na bunduki ya zamani. Mwisho wa Julai aliwasimamisha. Aliwaonyesha uzio wa miti uliovunjwa na kinyesi kibichi kando yake.

"Kuna mbogo hapa. Ni mzee, anatembea peke yake. Mguu yake iko na waya ya mtego, imeingia mpaka kwa mfupa. Mbogo kama huyo hatoroki watu. Anawangoja."

"Tutaangalia, mzee," Wamae alisema.

"Si kuangalia. Ukungu ikishuka, nyinyi mtoke. Mmesikia?"

Jumapili ya pili ya Agosti ukungu ulishuka mapema. Khavere alifunga breki. "Wamae, turudi."

"Imebaki kipande kidogo tu, roho yangu. Tukirudi tunapanda saa nzima. Tukiteremka tumefika."

"Mzee Gicheru alisema—"

"Nitakuwa mbele yako. Nifuate tu."

Alimfuata. Kwenye mianzi, mnyororo wa baiskeli yake ukatoka. Alishuka, akainama kuurudisha. Ndipo akasikia harufu: ya zizi, na chini yake harufu ya kidonda kilichooza. Nyuma yake mwanzi ulivunjika.

Mbogo alikuwa amesimama kwenye njia, kichwa chini, mweusi kama kisiki kilichoungua.

Khavere hakuweza kupiga kelele. Aligeuza uso tu. Wamae alikuwa amesimama kule mbele, mguu mmoja chini, anamtazama. Aliona yote. Macho yao yalikutana. Kisha Wamae akainama juu ya usukani, akakanyaga, akapotea kwenye ukungu.

Khavere alijitupa mtaroni, chini ya mizizi ya mti ulioanguka. Ardhi ikatetemeka. Pumzi ya mnyama ikaja juu yake, ya moto na ya kunuka, ikakaa. Alifumba macho, akaanza sala ambayo mama yake alimfundisha, akasahau maneno.

Kutoka chini, kengele ya baiskeli ikalia. Ikalia bila kupumzika. Mbogo akapuliza pua. Kwato zikageuka, zikaenda kufuata ile sauti, nzito, kisha kwa kasi. Kengele ikaendelea kulia mbali zaidi na zaidi. Halafu ikakatika ghafla.

Khavere alitembea hadi kwa Mzee Gicheru akilia na kulitaja jina la Wamae kwa kunong'ona. Alikuwa na hakika kwamba mbogo amemuua. Alimkuta Wamae amekaa kando ya moto, mzima, hana hata mkwaruzo. Mzee alikuwa akitia risasi kwenye bunduki ili aende kumtafuta Khavere.

"Uliniona?" Khavere alimwuliza Wamae.

"Nilikuona."

"Ukaenda."

"Nikaenda," akasema.

Khavere alishuka mjini kwa miguu, na hakukubali kusindikizwa.

Agosti ikaisha. Shule zilipofunguliwa, simu ililia ofisini karibu kila siku. "Hayuko," Bi. Warigia alijibu, huku Khavere amekaa mbele yake akisahihisha madaftari yaleyale mara mbili. Sokoni watu walisema mpiga picha alimwachia mbogo mchumba wake. Kagure alikuja na ndizi na kuomba msamaha kwa niaba ya kaka yake, akaondoka bila kuupata.

Kisha siku moja Mzee Gicheru alifika getini mwa shule, akisukuma ile baiskeli ya pili iliyokuwa imebaki msituni.

"Mwalimu, mimi nimesoma nyayo kule," alisema. "Huyo mnyama alisimama juu yako. Angekumaliza. Halafu akageuka, akafuata tairi ya kijana mpaka mtoni, pale kijana alivuka. Ile kengele ndiyo ilimwita. Mimi nimekwambia vile niliona. Mengine ni yenu."

Jioni hiyo Khavere aliingia studio. Wamae alikuwa amekonda. Alisimama kando ya kitambaa kilichochorwa maua, wala hakumkaribia.

"Mzee Gicheru amenieleza," Khavere alisema. "Ulimwita mbogo akufuate wewe. Kwa nini hukusema?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Wamae aliliona neno hilo limekaa pale, tayari. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilipokuona, nilitoroka. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza, Khavere. Niliogopa, nikatoroka. Nilipofika kwa kona nikakumbuka uko nyuma. Kidole ilikuwa kwa kengele. Labda nilikuwa namwita. Labda mkono ilikuwa inatetemeka tu. Nimejiuliza sana, na sijui."

"Mwanamume mwingine angesema ndiyo."

"Ningesema ndiyo, ungeolewa na mtu ambaye hayuko."

"Nani ametaja kuolewa?"

"Mimi. Sasa hivi." Alijifuta uso. "Vibaya, najua."

Hasira ya Khavere ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kushika.

"Sitakujibu hapa," alisema. "Jumapili twende kule juu. Mimi nitakuwa mbele."

"Khavere, huyo mbogo bado yuko hai."

"Najua."

Jumapili waliingia mianzini polepole, Khavere mbele, bila kusemezana. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Karibu na mti ulioanguka, mwanzi ulivunjika mahali mbele yao, pale njia ilipopinda. Khavere alifunga breki. Ile harufu ikaja.

"Wamae. Upo?"

"Nipo."

Alisikia baiskeli ikilazwa chini. Wamae alimpita kwa miguu, akasimama kati yake na ile kona, mikono yake mitupu.

"Rudi polepole," alinong'ona bila kugeuka. "Usikimbie. Mimi niko nyuma yako."

Walirudi hivyo, hatua kwa hatua, kitu kizito kikitembea sambamba nao ndani ya mianzi, kikisimama walipokanyaga kijiti, kikiendelea walipoendelea. Kwa Mzee Gicheru miguu ya Wamae ilikataa, akaanguka kwenye nyasi. Khavere alikaa karibu naye, akakishika kichwa chake, akakilaza kwenye mapaja yake.

"Desemba twende Maragoli," alisema. "Baba atataka kukuona."

Nyuma yao ukungu ulikuwa umeshaifunika njia, na Mzee Gicheru alikuwa amesimama na bunduki yake, ameuangalia bila kupepesa macho.