Nani Atatoka na Mtoto

Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa sinema wa Tusajigwe kule Tandika huwa hauna hata pa kusimamisha fimbo. Ni banda la matofali lenye paa la bati, mabenchi kumi na mawili, luninga kubwa ukutani, na spika mbili zenye kimo cha mtu mzima. Lakini watu hawafuati luninga, maana luninga wanazo majumbani. Wanamfuata Suhaib. Yeye hukaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa spika, kipaza sauti mdomoni, na sinema ya Kikorea au ya Kihindi ikianza anaigeuza Kiswahili papo hapo. Mfalme yeye, malkia yeye, farasi yeye.

Siku hiyo alivaa fulana nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Na kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, alikaa Mwanabaraka, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alivaa dera la zambarau na ushungi mweupe, na kifuani, ndani ya kanga, alimbeba mtoto wake wa miezi mitano. Alikuwa hajatia mguu ukumbini tangu mimba ilipokuwa kubwa. Asubuhi ile mama yake, Bi Rukaiya, alimkataza kwa kitendawili, ndiyo kawaida yake.

"Mgeni wangu kaja hana nguo wala mkoba, na wenye nyumba wote wamehama kumpisha."

"Mtoto mchanga, mama. Najua."

"Kama unajua, sinema ya nini?"

"Nimehama kila chumba, mama. Nataka kurudi kimoja tu, kwa saa mbili."

Bi Rukaiya akamfungia mtoto kofia.

Basi sinema ilifika pale mama wa jenerali anapokata roho. Suhaib alikuwa ameishusha sauti, anaaga kwa kikohozi cha kikongwe, watu wameanza kufuta macho. Hapo mtoto akaangua kilio.

"Mtoto nje," akasema mwanamume wa mbele bila kugeuka. "Hapa sinema, si kliniki."

"Wewe kaka ulizaliwa na ndevu?" mwanamke mmoja akamuuliza.

"Nilizaliwa, lakini sikuletwa huku."

"Ndiyo maana huna adabu ya kukaa na watu."

Ukumbi ukagawanyika. Wengine wakasema mama naye ni mtu, afungiwe ndani kama kuku wa mayai? Wengine wakasema zile spika zitamtoboa mtoto masikio, na mwenye kosa ni aliyemleta. Suhaib akasimamisha picha. Mama wa jenerali akabaki mdomo wazi ukutani.

"Dada wa nyuma mwenye king'ora," akasema kwenye kipaza sauti. "Kabila gani?"

"Mzaramo," akajibu Mwanabaraka, uso ukimchoma.

"Nilijua. Mzaramo hata awe wa kubebwa, ngoma isiyomhusu lazima aingie acheze."

Watu wakacheka. Mwanabaraka akasimama. "Na wewe mwenye kelele za kununua, kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Tabora."

"Basi ndiyo sababu mwanangu analia. Kasikia sauti ya mpagazi, anauliza mbona mizigo haibebwi."

Ukumbi mzima ukapiga meza ambazo hazikuwepo. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, babu wa Wanyamwezi wakibeba pembe na babu wa Wazaramo wakiwapokea pwani, na mtani hakasiriki. Suhaib mwenyewe alicheka hadi akaweka kipaza sauti chini. Alipoirudisha picha, akakichukua kilio cha mtoto akakitia ndani ya sinema. "Jenerali, sikia, hata mjukuu analia, nawe bado hujashuka farasi." Kikawa kipande kitamu kuliko vyote. Lakini mizinga ilipoanza kulia kwenye spika, mtoto alitetemeka mwili mzima, na Mwanabaraka akatoka.

Sinema ilipokwisha Suhaib alimkuta kwenye kivuli cha muuza miwa, anamtikisa mtoto.

"Mtani, umekimbia."

"Nimeyakimbia masikio ya mwanangu. Mwisho ikawaje?"

"Mwisho hausemwi njiani. Nipe namba."

"Wanyamwezi mnajua kufunga mzigo." Lakini namba akampa.

Alimpigia Jumapili baada ya alasiri. Mwanabaraka aliweka simu juu ya cherehani, akaendelea kushona sketi za shule huku Suhaib akimsimulia mwisho wote, na sauti zote, pamoja na za farasi. Jumatatu akapiga tena bila sinema.

"Umeamkaje, Mzaramo wa watu?"

"Salama, mbeba mizigo. Umekula?"

"Nimekula maneno yako ya jana. Yana chumvi kidogo."

"Ongeza maji."

"King'ora hajambo?"

"Hajambo. Leo kakamata mguu wake mwenyewe, anaushangaa kama si wa kwake."

Ikawa hivyo miezi miwili. Akipita na kazi za watu Mwanabaraka hupitia ukumbini mchana, kabla watu hawajajaa, na Suhaib humtolea kiti mlangoni. Dera la zambarau likafuatwa na la kijani, la kijani likafuatwa na gauni alilolishona mwenyewe usiku mmoja akasema ni la mteja. Tusajigwe, mwenye ukumbi, mama wa Kyela asiye na maneno mengi, alikuwa akiwatazama na kuguna.

"Nikuulize, mpenzi," Suhaib alisema siku moja. Neno hilo lilimtoka bila kupangwa, wote wawili wakajifanya hawakulisikia. "Ungekuwa wewe ndiye mwenye ukumbi, watoto ungewaruhusu?"

Mwanabaraka alifikiri kweli. "Sijui. Nikikaa ndani nawaonea haya wenzangu. Nikikaa nyumbani najionea huruma. Wewe je?"

"Mie nataka kimya. Mtu akifa kwenye picha, nataka afe vizuri."

Mwanabaraka alikuwa hajawahi kumwambia Suhaib jinsi baba wa mtoto alivyoondoka. Hakuwa mtu wa ngumi wala matusi. Siku mtoto alipotimiza arobaini, alisimama mlangoni na begi, akasema kwa upole, "Huyo mlee wewe. Mie watoto nitapata wengine." Maneno hayo aliyaweka mahali asipopagusa. Kwa kila mwanamume aliyemsogelea baadaye Mwanabaraka alikuwa na swali moja, na alikuwa haulizi, anangoja aone. Je, atatutaka wawili, au atanitaka mimi tu, siku mtoto akiwa hayupo?

Suhaib naye, maskini, alitaka kumfurahisha. Alisikia kuna jumba la sinema upande wa Msasani, viti laini vya kulalia, baridi kama Lushoto. Mlangoni wamebandika tangazo kuwa watoto wa chini ya miaka mitatu hawaingii. Akapiga simu.

"Jumamosi nimeomba ruhusa. Jiandae, nakupeleka ukae kama malkia."

"Wapi?"

"Msasani, sinema ya watu wenye soksi. Ila king'ora hawamtaki."

"Sasa nitafanyaje?"

Utani ulikuwa ulimini tayari, kama kawaida, ukatoka. "Muache huyo, Mzaramo. Tutapata mwingine asiye na kelele."

Cherehani ikasimama. Suhaib alisikia ikisimama.

"Suhaib," Mwanabaraka akasema taratibu, "jina lake nani?"

"La nani?"

"La mwanangu."

Suhaib akafungua mdomo. Alijua mtoto amekamata mguu wake, alijua ameota jino, alijua anapenda harufu ya uji wa ulezi. Jina hakuwa nalo. Miezi miwili alimwita king'ora, na hakuna siku aliyoliuliza.

"Mtani, subiri—"

"Hapa hakuna mtani wako." Simu ikakatika.

Alituma ujumbe wa sauti akijifanya mfalme anayeomba radhi. Akatuma wa pili akijifanya farasi wa mfalme. Mwanabaraka aliusikiliza wa farasi, machozi yakamtoka kwa hasira, akamfungia simu kabisa. Sketi za shule zilishonwa wiki hiyo kwa nyuzi za kutosha kushonea meli.

Ukumbini Suhaib akawa anatafsiri kama mtu anayesoma tangazo la maji. Siku ya tano Tusajigwe akazima luninga.

"Umemfanya nini yule binti?"

"Nimemtania, mama. Mtani gani anakasirika?"

"Kwenye msiba mtani hufanya nini?"

"Hutania. Hulala kwenye njia ya jeneza, anataka apewe kitu ndipo apishe."

"Na kingine?"

Suhaib akakuna kichwa. "Anachimba kaburi."

"Anachimba kaburi. Anapika, anabeba maji, anafagia. Ndiyo maana anasamehewa mdomo. Wewe mwenzangu umeleta mdomo peke yake." Akawasha luninga. "Endelea, watu wanangoja."

Kesho yake, asubuhi, Suhaib alibisha hodi kwa Bi Rukaiya. Kanzu safi, kofia mkononi. Bi Rukaiya alikuwa kwenye jamvi anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe farasi?"

Suhaib akainamisha uso. "Ndiye mimi."

"Kaa. Nikutegee moja. Nina shamba dogo, kila apitaye huyasifu majani yake, wa kupalilia simwoni."

Suhaib aliizungusha kofia mkononi. Hakutaka kubahatisha. "Mtoto wa mwenzio," akasema.

"Umetegua, mji sikudai. Na wewe ni wa kupita au wa kusimama?"

"Nimekuja kuuliza jina lake, mama. Muuza miwa analijua, angeniambia. Sikutaka nilipate kwa muuza miwa."

Bi Rukaiya akapuliza pumba, akaita, "Mwanabaraka, una mgeni. Leo kaja kama mtu."

Mwanabaraka alitoka na utepe wa kupimia shingoni, mtoto kiunoni. Alikuwa hajajipamba, na Suhaib akaona hajawahi kumwona mzuri kiasi hicho, akajizuia kusema.

"Anaitwa Mwishehe," Mwanabaraka akasema. "Jina la marehemu baba yangu."

"Mwishehe," Suhaib akarudia. Akamtazama mtoto, si mama. "Shikamoo, mzee Mwishehe. Nimekukosea."

Mtoto akamkamata kidole, akakitia mdomoni.

"Sikukasirika kwa ajili ya Msasani," Mwanabaraka akasema. "Wana haki ya kukataza watoto. Hata kwenu, zile spika si za mtoto, nilikosa mie kumleta. Lakini ulisema maneno ya mtu mwingine, Suhaib. Karibu neno kwa neno. Yule hakuwa anatania."

Akamweleza habari ya begi na mlango. Suhaib alisikiliza hadi mwisho, na mara hii hakuweka sauti ya mtu yeyote juu yake.

"Nilitaka upumzike," akasema. "Nikadhani kupumzika ni kumwondoa yeye."

"Nataka kupumzika kweli. Nataka kutazama sinema mpaka mwisho, kama watu. Sasa nijibu moja. Siku tumekaa, picha imenoga, Mwishehe kalia. Nani atatoka?"

Suhaib alikaribia kujibu haraka, akajizuia. "Nikisema sasa, yatakuwa ya mdomo," akasema. "Njoo Jumapili asubuhi ukumbini. Njoo naye."

Wiki hiyo alipatana na Tusajigwe kwa shida juu ya sinema ya Jumapili ya akina mama na watoto wao.

"Watakojoa kwenye jamvi."

"Nitafua."

"Nusu ya akina mama watalala."

"Watalala wakiwa wametoka nyumbani, mama. Hicho ndicho wanachokitaka."

Jumapili saa tatu, mabenchi yalikuwa yamesogezwa ukutani, majamvi yametandikwa, madirisha wazi, na zile spika mbili zimegeuzwa uso ukutani, sauti inatoka ndogo kama ya jirani. Walikuja akina mama kumi na wanne, na akina baba wawili wenye aibu. Mwanabaraka alifika na gauni lile la mteja. Aliketi katikati, akakunja miguu.

Ilikuwa sinema ya vita vya kale. Suhaib alitafsiri kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, mpaka majemadari wakawa wanatishana kama wanaombana chumvi. Watoto walitambaa, wakanyang'anyana vijiko. Mmoja akala kona ya jamvi. Saa nzima ikapita. Halafu, jeshi linajipanga kuvuka mto, Mwishehe akalia.

Mwanabaraka akaanza kunyanyuka. Suhaib akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akapita kati ya majamvi, akanyoosha mikono. Mwanabaraka alimtazama, kisha akampa mtoto. Suhaib akatoka naye nje.

Wakorea wakabaki wanazungumza Kikorea. Akina mama wakatazamana.

"Sasa wanasemaje hawa?"

"Huyo mwenye ndevu anamdai mwenzake."

"Wapi, hao ni mashemeji."

Tusajigwe alikitazama kipaza sauti, hakukigusa. Mwanabaraka hakuelewa neno hata moja kwenye picha, na hakugeuza shingo mara nyingi, mara tatu tu. Mara zote tatu alimwona Suhaib mlangoni juani, fulana yake nyeupe imelowa mate begani, anakwenda na kurudi, hatanii mtu, midomo inatembea tu. Anamwimbia nini, hakusikia.

Baadaye kilio kikakatika. Suhaib akaingia kwa ncha za vidole, mtoto amelala shingoni mwake, akaketi jamvini kando ya Mwanabaraka.

"Imefikia wapi?" akanong'ona.

Mwanabaraka hakuondoa macho ukutani. "Mwanamke amesema mwanamume alete wazee wake Ijumaa, baada ya swala. Mama yake atakuwepo."

Suhaib akatazama. Ukutani palikuwa na mto, na askari mia mbili wenye mikuki wanavuka, maji kifuani. Mwanamke hakuwepo hata mmoja.

"Watafika," akasema.