Kidonda Kilichong'arishwa

"Nitamshitaki! Nitamshitaki mpaka aivue ile sare yake nyeupe!"

Fundi cherehani alikuwa amekaa mlangoni kwake, mguu wenye bendeji juu ya kigoda, barua ya malalamiko mapajani.

"Jirani, punguza sauti," alisema mama wa msichana aitwaye Studio, akikamua nguo. "Muuguzi yule ndiye aliyewapokea wanao wote wawili duniani. Leo unataka amwage unga?"

"Na kidole changu kilichokatwa, je? Nimemtumia picha kila Ijumaa, kama alivyotaka. Ananijibu, 'Kidonda kinaendelea vizuri.' Vizuri gani? Alikuwa anatazama picha au dari?"

Majirani walishachungulia, maana hakuna sinema inayojaza ua kama ugomvi wa asubuhi. Aliyeinamisha kichwa ni mmoja tu: Studio, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akiosha vyombo bombani. Walimpa jina hilo kwa sababu picha zote za pale zilipitia mikononi mwake. Aliziingiza kwenye tovuti ya kurekebisha picha, akaongeza mwanga, akakoleza rangi, na magauni ya fundi yakatoka yanang'aa hata wateja wakagombania.

Picha za kidonda pia alizipiga yeye. Fundi ana kisukari, zahanati iko mbali, na mguu ulikuwa hautaki safari. Ijumaa ya pili, weusi ulionekana pembeni mwa kidole, upande wa chini ambao fundi hakuweza kuuona mwenyewe. Fundi aliitazama picha, akashtuka.

"Mwanangu, mbona kinatisha hivi?"

"Ni kivuli tu, shangazi. Subiri."

Studio akaongeza mwanga, akafifisha giza, akaisogeza rangi kuelekea wekundu. Weusi ukayeyuka. Fundi akacheka kwa furaha, na picha hiyo ndiyo iliyotumwa. Ijumaa iliyofuata akafanya vilevile, na kabla ya Ijumaa ya nne kidole kilikuwa kimekatwa hospitalini.

"Kesho barua hii iko mezani kwa mganga mkuu," fundi alisema sasa, akiipunga barua yake.

Studio aliiacha sufuria na povu lake, akasimama mbele yake.

"Shangazi, usiipeleke. Muuguzi hakukiona kidole chako. Aliona nilichokitengeneza mimi."

Alichukua simu, akamwonyesha picha mbili: ya mwanzo, na iliyotumwa. Nguo ilimponyoka mama yake, ikarudi kwenye beseni.

Fundi alizilinganisha picha, moja baada ya nyingine.

"Kumbe weusi ulikuwepo. Na ukaniambia ni kivuli."

"Sikutaka uogope."

"Ningeogopa!" fundi alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Ningeogopa, ningekodi hata mkokoteni, ningekwenda! Woga ule ungeniachia kidole changu!"

Mama yake alimpigia muuguzi, akaweka sauti ya nje, na Studio akarudia maneno yote.

"Nami nilikosea," muuguzi alisema. "Ningemwita nimwone kwa macho yangu. Lakini sikiliza, binti. Picha ya kidonda haipambwi. Ule ubaya wake ndio unaozungumza na mimi. Ukiufuta, umenifunga macho, na anayeumia si mimi wala wewe. Mgonjwa hahitaji kufurahishwa kwa uongo, anahitaji kutibiwa."

"Nimeelewa," Studio alinong'ona.

"Umeelewa kwa bei ya kidole cha mwenzio," mama yake alisema.

Fundi aliichana barua vipande vinne. Hakuna aliyeshangilia. Majirani walirudi ndani mmojammoja, wameshiba habari ya wiki nzima. Studio alibaki amesimama, mikono ikichuruzika povu.

"Sijakusamehe," fundi alimwambia, akijiinua taratibu kwa kushika mlango. "Usijidanganye. Labda mwezi ujao, labda mwakani." Akamgeukia mama mtu. "Na wewe usinisimamie hapo kama mlingoti. Chakula kimeiva, mimi peke yangu sikimalizi. Mlete mwanao, mwingie mle."