Maziwa ya Mlangoni

Mtoto wa Rhobi alizaliwa salama, akalia vizuri tu, halafu vidole vyake vikaanza kutetemeka.

Ulikuwa mwaka ule lori la serikali lilipowatoa watu kwenye miji yao ya zamani na kuwapanga mistari katika kijiji cha ujamaa. Mniko, mumewe Rhobi, hakupata hata nafasi ya kuaga kaburi la mama yake, Waisiko.

"Asinyonye bado," alisema Gati, shangazi yake Mniko. "Hayo maziwa ya njano ni uchafu. Kamulia mlangoni mpaka yaje meupe."

"Shangazi, mtoto ana njaa."

"Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa Tarime nzima?"

Rhobi akakamua. Udongo ukameza.

Kesho yake, jua la mchana likiwaka, kibuyu cha maziwa kikasikika kikisukwa nje, chwaka, chwaka, nao tangu wahamishwe hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Rhobi akachungulia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya maziwa ya mgando na udongo wa kaburi, na pale alipokamua palikuwa pamelambwa mpaka pakang'aa. Aligeuka akaona mtoto anatetemeka kwa mapigo yale yale, kibuyu kikisukwa anatikisika, kikinyamaza analegea, baridi kama chura, midomo ikigeuka majivu, na maskini Rhobi hakujua amwombe Mungu sauti ile iendelee au ikome.

"Mniko! Mtoto anakwenda!"

Mniko akamkimbilia Teresia, mkunga mzee. Teresia aliinama mlangoni, akashika udongo, akanusa.

"Hapa mnamnyonyesha nani?" akanong'ona.

"Ni desturi yetu..." Gati alianza.

"Nyamaza, Gati. Mtoto akikatwa kitovu, mwili wake bado haujajua kujilisha. Ni shida ya kupita, akipata hayo ya njano. Ninyi mmempa Waisiko, mliyemwacha kule kaburini na njaa."

Akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Mtoto hakuweza kunyonya. Nje kibuyu kikasukwa kwa hasira, ukuta ukadondosha udongo, na Rhobi akakamulia tone, tena tone, juu ya ulimi ule mdogo huku akilia, "Meza, baba, meza."

Akameza. Mkono mmoja ukatulia, kisha wa pili. Kibuyu kikanyamaza.

"Haya, mhamishie upande wa pili," Teresia alisema, akitabasamu.

Rhobi akafunua titi la kushoto. Lilikuwa limenyauka, tupu, baridi. Na kuzunguka chuchu, alama za meno.